Vumbi la Ovaroli

Tulikwenda hospitali kwa ajili ya tumbo la mume wangu, si kwa ajili ya mimba zangu. Kwa miezi kadhaa tumbo lilikuwa likimsokota, choo hakipati, usiku anajikunja kitandani kama mtoto. Alishapewa dawa za vidonda vya tumbo mara tatu, na mara tatu zilikwisha bila nafuu. Siku hiyo tulimkuta daktari kijana, ambaye kabla ya kushika kalamu alimwambia, "Kaka, hebu panua mdomo." Akauvuta mdomo wa chini kwa kidole, akamulika tochi, akanyamaza. Kisha akaniita nitazame. Pale ufizi unapokutana na meno palikuwa na mstari mwembamba, buluu iliyochanganyika na kijivu, kana kwamba mtu amepitisha ncha ya penseli.

"Unafanya kazi gani?"

"Betri. Navunja betri za magari zilizokufa, natoa madini ya risasi, nayeyusha, nauza."

Daktari akanigeukia. "Na nguo zake anafua nani, dada?"

Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka ikiwa na wiki 8, ya pili wiki 10. Katika miaka hiyo miwili nilikuwa nimeulizwa kila kitu: nimebeba nini kizito, nimekula nini, nimegombana na nani, nimewahi kutoa mimba usichanani. Shangazi yangu alisema mji wangu wa mimba umelegea. Wifi alisema nina haraka mno ya kuwaambia watu. Kuhusu nguo za mume wangu hakuwahi kuuliza mtu.

Nilijibu kwamba nafua mimi. Nikaeleza na namna: naikung'uta ovaroli kwanza mlangoni ili vumbi lipungue, ndipo nailoweka kwenye beseni pamoja na nguo nyingine. Daktari akaacha kuandika. Akasema nami nitoe damu.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Ya mume wangu yalisoma mikrogramu 58 za risasi kwa kila desilita ya damu. Yangu 19. Mimi ambaye sijawahi kushika betri hata moja, sijawahi kusimama karibu na lile sufuria lake la kuyeyushia, nilikuwa na 19. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema mtu akifika 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe, na linaongeza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Nilipiga hesabu ndogo kichwani, nikaona nimevuka mstari huo karibu mara nne kwa kufua tu.

Neno lenyewe lilituletea kisa nyumbani. Mama mkwe alipoambiwa mwanawe ana risasi mwilini aliruka kwenye kiti: "Nani kampiga?" Ilibidi tumweleze kwamba ni madini, yale mazito ya kijivu yanayokatika kwa kisu, ambayo ndiyo yaliyoipa risasi ya bunduki jina. Tulicheka siku hiyo. Ilikuwa imepita miezi mingi bila kucheka.

Sasa niseme jambo ambalo daktari alilisema mapema, tena kwa kulisisitiza, na ambalo sikutaka kulisikia. Alisema hawezi kuniambia kwamba risasi ndiyo iliyozitoa mimba zangu. Kati ya mimba 100 zinazojulikana, kama 10 hadi 20 hutoka zenyewe, nyingi ndani ya wiki 12 za mwanzo, na karibu nusu ya hizo za mwanzo huwa na kasoro ya kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, iliyotokea tangu yai na mbegu vilipokutana. Hakuna kilichopimwa katika zangu. Nilisafishwa, nikarudi nyumbani, basi. Kwa hiyo alichokuwa nacho mkononi ni damu ya leo, si sababu ya jana.

Nilimchukia kidogo kwa hilo. Mtu aliyepoteza anataka mwizi mwenye jina, na mimi nilikuwa nimeshampata wangu, yumo kwenye karatasi, ana namba 19. Halafu daktari anakuja kuniambia mwizi huyu ni mshukiwa tu.

Nilisoma sana baada ya hapo, usiku, nikiwa na simu chini ya shuka. Nilikuta kwamba hofu ya risasi na mimba haikuanza jana. Mwaka 1860 daktari Mfaransa, Constantin Paul, aliandika juu ya wanawake waliofanya kazi za risasi, ikiwemo ile ya kutengeneza herufi za kupigia chapa, ambao mimba zao zilikuwa zikiharibika moja baada ya nyingine. Tena alitazama pia wanawake ambao wenyewe hawakugusa risasi, waume zao ndio walioigusa. Niliposoma hapo niliamka nikakaa. Zaidi ya miaka 150 kabla yangu kuna mtu alishafikiria kuuliza swali la yule daktari kijana.

Utafiti ulionikaa zaidi ni wa mji wa Mexico, uliochapishwa mwaka 1999. Wanawake walifuatwa tangu miezi mitatu ya mwanzo ya mimba, damu zao zikapimwa, kisha waliopoteza wakalinganishwa na ambao mimba zao ziliendelea. Kila risasi ilipopanda kwa mikrogramu 5 kwa desilita, uwezekano wa mimba kutoka ulikuwa karibu mara 1.8. Na hawakuwa wafanyakazi wa viwandani wenye viwango vya kutisha. Wastani wa makundi yote mawili ulikuwa kati ya 10 na 12. Mimi nilikuwa na 19. Lakini hata utafiti ule ulizungumzia uwezekano katika kundi la wanawake, haukusema lolote juu ya mmoja wao peke yake. Daktari alikuwa na haki.

Kinachonishangaza hadi leo ni ujanja wa madini haya. Mwili huyaona kama kalsiamu. Milango ileile inayopitisha kalsiamu huyapitisha, na mifupa ileile inayohifadhi kalsiamu huyahifadhi. Katika damu, nusu ya risasi huondoka kwa kama mwezi mmoja, ndiyo maana kipimo cha damu kinasema zaidi habari za siku za karibuni. Katika mfupa inaweza kukaa miongo. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote ya mwili imelala kwenye mifupa na meno. Kisha mwanamke anapata mimba, mtoto anahitaji kalsiamu ya kujenga mifupa yake, mwili wa mama unafungua ghala, na pamoja na kalsiamu inatoka risasi iliyowekwa humo miaka iliyopita. Inavuka kondo la nyuma, kwani kondo haliizuii. Kwa hiyo mama anaweza kumlisha mtoto risasi aliyoivuta yeye alipokuwa msichana.

Nilipomweleza mume wangu habari hii ya mifupa, hakusema kitu. Alitoka nje. Nilimkuta ameketi juu ya kasha la betri, mikono kati ya magoti. "Nimewaua wanangu," alisema. "Nilikuwa nawaletea sumu kwenye mfuko wa suruali."

Hapo ndipo nilipoelewa faida ya yale maneno ya daktari niliyoyachukia. Nilimrudishia yaleyale, neno kwa neno: hatujui, hakuna aliyepima, nusu ya mimba zinazotoka mapema zina kasoro ambayo haihusiani na mtu yeyote. Nilimwambia alikuwa anatafuta riziki yetu, na kwamba hakuna aliyemwambia chochote, si aliyemuuzia betri wala aliyenunua risasi. Alilia sana. Mimi nililia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshalia miaka miwili na machozi hayakuwa mengi tena.

Sijui kama nilimsamehe siku ile. Nadhani nilimsamehe baadaye, kidogo kidogo, kila nilipomwona anaoga kabla ya kuingia ndani.

Maana hilo lilikuwa badiliko la kwanza. Daktari alisema dawa namba moja ni kuondoa chanzo. Dawa za kuvuta risasi mwilini zipo, zina kazi yake kwa viwango vikubwa na dalili kali, lakini zina madhara, hutolewa na watu wanaojua, na hazimsaidii mtu anayerudi kwenye vumbi kesho asubuhi. Mume wangu aliacha kuyeyusha kabisa. Alibaki na kazi ya kuuza na kufunga betri nzima, mapato yakapungua, tukabana matumizi. Tuliondoa udongo wa juu mahali alipokuwa akivunjia na kupafunika. Lile sufuria tulilitoa nyumbani.

Ndani ya nyumba nilijifunza usafi upya, mimi niliyekuwa najisifia kwa usafi. Kumbe kufagia vumbi kavu kulikuwa kunaliamsha tu, tulivute, kisha litue tena mahali palepale. Nikahamia kwenye kitambaa kibichi: sakafu, madirisha, kingo za kitanda, kila baada ya siku chache, na maji yake hayamwagwi mahali watoto wa jirani wanapochezea. Ovaroli haikuingia ndani tena. Inavuliwa kazini, inafuliwa peke yake, bila kukung'utwa, na anayeifua ni mwenyewe. Viatu vinabaki nje. Hata simu yake tuliifuta. Nilikumbuka ni mara ngapi niliiazima nikaongea nayo huku nakula.

Kuna mambo ya chakula pia, ingawa hapa watu hupenda kutia chumvi. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Wenye njaa pia, kwani risasi hupita kwa wingi tumbo likiwa tupu. Nilipimwa damu, nikakutwa na upungufu, nikapewa vidonge vya chuma. Kalsiamu nayo ina maana yake: majaribio kwa wajawazito yameonyesha kwamba miligramu 1,200 kwa siku hupunguza kiasi fulani risasi inayochomoka mifupani. Hayo ni msaada. Hayasafishi kitu. Nasema hivi kwa sababu mara tu habari zetu zilipoenea alijitokeza mama mmoja na chupa ya kijani, akidai inatoa sumu zote mwilini kwa siku saba. Nilimuuliza inatoaje risasi iliyo ndani ya mfupa. Akasema inatoa zote. Nilimwagizia chai, nikamshukuru, sikununua. Baadaye nilisoma kwamba baadhi ya dawa za aina hiyo zenyewe zimekutwa na risasi, zebaki au arseniki.

Nimezitaja zebaki na arseniki, kwa hiyo niseme kidogo, maana tulipoanza kuchunguza nyumba hatukuishia kwenye betri. Katika droo yangu kulikuwa na krimu ya kung'arisha ngozi, zawadi ya wifi yangu. Kwenye orodha ya viambato, kwa herufi ndogo, lilikuwepo neno kalomeli. Hiyo ni zebaki. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kurudi kwao ndani ya samaki, unakataza vipodozi vya aina hiyo, lakini bado vinauzwa. Zebaki hupita kwenye ngozi, huvuka kondo, na katika mimba ubongo wa mtoto ndio ulio hatarini zaidi. Wifi alinuna nilipomwambia. Alikuja kuniambia mwaka mmoja baadaye kwamba yake aliiacha wiki ileile.

Arseniki, sumu inayotoka ardhini, ni habari ya visima. Haina rangi, haina harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki na kukolea. Bangladesh mamilioni ya watu waliinywa kwa miaka kutoka visima vilivyochimbwa ili kuwaokoa na maji machafu, na tafiti za huko zimeihusisha na mimba kuharibika na watoto kuzaliwa wafu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Kadimiamu, sumu ya nne ya jamii hii, iko kwenye moshi wa sigara, na hujikusanya katika kondo lenyewe. Mume wangu alikuwa anavuta. Hiyo ilikuwa vita nyingine, ndefu kuliko ya betri, na siisimulii kwa sababu ananitazama nikiandika.

Tulingoja. Hili ndilo lililoniumiza kuliko mabadiliko yote, kwa sababu umri haukuwa ukingoja nasi. Daktari wa akina mama alishauri tusitafute mtoto hadi namba zishuke, na akasema neno ambalo natamani ningelisikia kabla ya mimba ya kwanza: wakati wa kupima ni kabla. Mwanamke anapojua ana mimba tayari wiki tano au sita zimepita, na wiki hizo ndizo zenye kazi nyingi. Aliongeza kwamba mume naye apimwe na asubiri, kwa kuwa risasi hudhuru mbegu, na mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa upya.

Namba zangu zilishuka hivi: 19, halafu 14, 11, 9, 7. Hiyo ni karibu mwaka mmoja na nusu. Mara moja zilipanda kutoka 9 hadi 16 nikashindwa kulala, kumbe damu ilikuwa imetolewa kidoleni na kidole hakikuoshwa vizuri. Vumbi la ngozi lilitosha kudanganya kipimo. Ya mshipani ilitoa 9. Za mume wangu zilishuka kwa kukokota, kwa sababu mifupa yake ilikuwa na akiba ya miaka 11: 58, 41, 33, 27. Tumbo liliacha kumsokota mapema zaidi. Ule mstari wa ufizini ulififia baadaye sana, na kwa muda kila asubuhi alikuwa akijitazama kwenye kioo mdomo wazi, kama mtu anayetafuta jino lililotoka.

Mimba ya tatu niliificha. Wiki ya 8 nilikaa kitandani siku nzima bila sababu. Wiki ya 10 nilikwenda chooni labda mara 30 kutazama kama kuna damu. Mkunga alinipima risasi: 7. Katikati ya mimba ikasoma 5, nikashangilia, naye akanituliza, akisema damu ya mjamzito huongezeka maji kwa hiyo namba hushuka, na kuelekea mwisho itapanda tena mifupa inapofunguka. Kweli ilirudi 7. Alikuwa ameniambia mapema, kwa hiyo sikuogopa. Au niliogopa kidogo kuliko ambavyo ningeogopa.

Shangazi anasema mji wa mimba ulikaza kwa dua zake. Sibishani naye. Mimi mwenyewe siwezi kuapa kwamba ni kitambaa kibichi.

Binti yetu sasa ana miaka miwili. Alipimwa akiwa na mwaka mmoja, akasoma 2. Jioni akisikia sauti ya lango hukimbia mikono juu, na baba yake, ambaye siku hizi anauza betri ambazo hazijavunjwa na bado ana 18 kwenye damu, hurudi nyuma hatua mbili na kuificha mikono mgongoni. "Ngoja, mama. Baba hajaoga." Naye hukaa chini pale mlangoni, ameshika taulo, anamngoja.